Kutengeneza springi za nyuma za gari ya zamani mwenyewe nyumbani, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila siku. "Gari yangu imeinama nyuma upande mmoja, ninunue springi?" "Nimeweka bushi mpya, hazijamaliza miezi mitatu zimekatika, ni feki?" "Bolti inazunguka ila haitoki, nifanyeje?" Nimeshajibu mpaka nimechoka kwahiyo leo naandika yote kwa pamoja, ukiulizwa na mwenzio we mpe hii asome.

Kwanza tuelewane ni gari gani. Naongelea zile za zamani ambazo nyuma zina ekseli moja ngumu, difu katikati, na ekseli imefungwa kwenye springi za lifu, yaani zile za vyuma bapa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Ford Escort za mwanzo, MGB, Morris Minor, Datsun 1200, Corolla nyingi za miaka ya 70, Land Rover Series, zote hizo kazi inafanana sana. Kama una Beetle ya zamani (hiyo inatumia vyuma vya kujisokota), Mini yenye koni za raba au Citroën DS inayobebwa na oili na gesi, hapa hutapata msaada. Na kama nyuma kuna springi za koili usifuate hatua hizi, koili iliyobanwa ina hasira zake na inataka utaratibu wake.

Kabla hujanunua chochote

Watu wengi wanakimbilia kununua springi wakati shida ni bushi (zile raba za ndani ya macho ya springi, yaani matundu ya kwenye ncha zake). Paki gari sehemu tambarare, haina mzigo, upepo wa tairi uko sawa pande zote, halafu chukua futikamba upime kutoka katikati ya ringi kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, nyuma na mbele pia. Andika namba zote nne. Nyuma ikitofautiana kidogo tu usihangaike, gari hizi hazikutoka kiwandani zimenyooka kama rula. Ikitofautiana sana, angalia kwanza mbele maana springi ya mbele iliyochoka inaweza kuinamisha hata nyuma, kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Halafu ingia chini na tochi (gari ikiwa kwenye tairi zake, hujapiga jeki bado) uangalie haya: lifu lililopasuka, hasa karibu na katikati pale yuboti (bolti zenye umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) zinapobana na karibu na jicho la mbele. Raba ya bushi iliyochomoza pembeni kama ulimi. Shokapu yenye oili imevuja ikashika vumbi. Na sheko, kile kipande kinachobembea nyuma ya springi, kama kimelala kabisa kugusa bodi basi springi imenyooka, imechoka.

Mlio pia unasema kitu. Ukiachia klachi unasikia "gonga" moja nyuma, mara nyingi ni bushi ya jicho la mbele au yuboti imelegea (ila sikiliza na kroosi za propela, yaani viungo vya ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, zinadanganya watu sana). Ukipita mashimo inagongagonga mfululizo, anza na bushi za shokapu.

Vitu vya kuwa navyo

Jeki ya magurudumu na ya pili yoyote ndogo. Stendi za jeki mbili, za chuma, zenye uwezo wa kutosha. Matofali hapana, tofali linapasuka bila kukupa taarifa. Kabari za tairi za mbele.

Boksi spana na spana za kawaida, na hapa angalia: Datsun na Corolla ni milimita, za Uingereza nyingi ni inchi, na zile za zamani zaidi zinaweza kuwa na Whitworth ambayo si milimita wala si hiyo inchi unayoijua. Ukilazimisha spana "inayokaribia" utaila nati uanze kulia.

Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Bomba refu la kuongezea mkono wa spana. Oili ya kulegeza kutu, brashi ya waya, msumeno wa chuma na makali ya akiba, nyundo nzito, kipande cha shaba cha kugongea, klampu mbili imara, jiliwa kama unayo. Miwani ya kazi, na hii usiipuuze maana ukilala chini kutu yote inadondokea machoni.

Vipya vya kununua: bushi zote za pande mbili, yuboti nne na nati zake, bolti za macho na za sheko, sentabolti (bolti ya katikati inayoshikanisha malifu), raba za kukalia kati ya springi na ekseli kama gari yako inazo. Yuboti za zamani usirudishe. Zikishakazwa zimevutika, ukizikaza tena hazishiki kama mwanzo. Springi na shokapu ukibadilisha badilisha pea, mpya upande mmoja na nzee upande mwingine gari itakaa kama mtu anayechechemea.

Hatua zenyewe

1. Anza siku mbili tatu kabla. Safisha nati zote kwa brashi ya waya mpaka uone hesi, pulizia oili ya kulegeza kutu, kesho yake rudia, keshokutwa rudia. Hii kazi ya dakika kumi ndio inaamua kama utamaliza Jumamosi au utamaliza mwezi ujao. Piga na picha za kila kitu, pande zote, maana ikishafunguliwa hutakumbuka washa ilikaa wapi.

2. Zuia gari. Sakafu ngumu na tambarare, si udongo si nyasi. Weka gia, kabari tairi zote mbili za mbele, mbele na nyuma ya kila tairi. Usitegemee handbreki! Kwenye nyingi ya gari hizi handbreki inashika tairi za nyuma, sasa ukishainua nyuma tairi ziko hewani, handbreki inashika nini? Legeza nati za tairi kidogo gari ikiwa bado chini.

3. Inua na uweke stendi. Jeki iweke katikati chini ya difu, ila isikae kwenye kile kifuniko cha bati cha nyuma, kitabonyea kianze kuvuja. Inua taratibu. Stendi zikae chini ya chasisi au sehemu ngumu ya bodi, mbele kidogo ya pale jicho la mbele la springi linapofungwa. Kabla ya kuweka, chomachoma hapo na bisibisi. Ikizama, yaani kutu imekula, acha kazi ya springi, una kazi ya kuchomelea kwanza. Shusha gari ikae kwenye stendi, halafu itikise kwa nguvu ukiwa umesimama pembeni. Ikicheza, panga upya. Toa tairi uzilaze chini ya bodi pembeni, stendi ikiteleza gari itadondokea tairi badala ya kukudondokea wewe.

4. Beba ekseli kwa jeki. Sasa jeki inarudi chini ya ekseli. Pandisha mpaka ekseli isiwe inaning'inia lakini pia gari isianze kunyanyuka kwenye stendi. Ndipo ufungue bolti ya chini ya shokapu. Hapa kuna kosa la watu wengi: shokapu ndio inayozuia ekseli isishuke sana, ukiitoa bila kubeba ekseli inashuka mpaka inavuta hozi ya breki. Nyingi zina hozi moja tu ya raba inayotoka kwenye bodi kwenda kwenye ekseli, ukiivuta hiyo umejiongezea kazi ya breki. Iangalie kwa macho kila unaposhusha jeki.

(Kwa wenye MGB na Morris Minor: shokapu zenu ni zile za mkono, boksi la chuma lenye mkono mmoja. Fungua tu kiungo chake, boksi liache mahali pake, ila angalia kiwango cha oili yake.)

5. Upande mmoja kwa wakati. Narudia, upande mmoja. Springi ya upande wa pili ikiwa imefungwa ndio inayoshikilia ekseli mahali pake. Ukifungua zote kwa pamoja ekseli inazunguka na kuhama, utahangaika nayo nusu siku peke yako.

6. Yuboti. Fungua nati nne. Zikigoma usipoteze muda, si unazo mpya? Kata kwa msumeno. Na hapa onyo kubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu: tenki la mafuta kwenye gari hizi mara nyingi liko nyuma, jirani kabisa na sheko. Gesi ya kuchomelea, moto wa aina yoyote, hata cheche za grainda, HAPANA. Msumeno wa mkono unachosha lakini haulipui nyumba.

7. Toa sheko, kisha jicho la mbele. Sheko mara nyingi inakubali. Bolti ya mbele ndio yenye kiburi. Utaikamata na spana, utavuta, itazunguka robo mzunguko utafurahi, ukiachia inarudi ilipotoka, kama sikio la mtoto ukilivuta. Maana yake bolti imegandana kwa kutu na kile kibomba cha ndani ya bushi, kwahiyo unachozungusha ni raba. Usigonge kwa hasira ukapanua hesi. Toa nati, pulizia, zungusha huku na huku, pulizia tena, gonga na kipande cha shaba. Ikigoma kabisa pitisha makali ya msumeno kati ya jicho na hanga (kishikio chake kwenye bodi) ukate bolti pande zote mbili. Kumbuka kuielekeza njia ya kutoka, kwenye gari zingine ukitaka kuichomoa bolti inagonga bodi au bomba la ekzosi.

Springi ikitoka ni nzito, weka mkono chini yake kabla ya bolti ya mwisho.

8. Kagua springi ikiwa chini. Ilaze sakafuni ubavu, safisha na brashi. Nyufa, lifu lililokatika, macho yaliyotanuka, klipu zilizovunjika. Springi ikipasuka lifu usichomelee na usiipashe moto kuikunja irudi, chuma chake kimepikwa maalum na moto wa kienyeji unakiua ugumu. Aidha mpya, aidha mafundi wa springi wenye tanuru lao.

Kama inafaa na unataka kuifungua usafishe kati ya malifu, bana kwa klampu mbili, moja kila upande wa sentabolti, NDIPO ufungue sentabolti, kisha legeza klampu kidogokidogo kwa zamu. Ukifungua sentabolti bila klampu malifu yanafunguka kwa nguvu na sitaki kukueleza vidole vinakuwaje. Safisha, paka rangi nyembamba, ikikauka weka grisi yenye grafaiti kati ya malifu, rudisha kwa klampu hizohizo na sentabolti mpya. Kama kwenye ncha za malifu kuna vipande vya plastiki au raba vya kuzuia mlio, weka vipya na hapo usipake grisi.

9. Bushi. Za nyuma kwenye gari nyingi ni raba nusu mbili, zinatoka kwa mkono na bisibisi. Ya mbele mara nyingi ina ganda la chuma lililoshindiliwa. Usiichome moto itoke, moshi wa raba ni sumu. Toboatoboa raba itoke, kisha pitisha makali ya msumeno ndani ukate ganda kwa urefu wake, polepole, ukihisi umefika kwenye jicho simama. Ganda likishapasuka linajikunja ndani linatoka.

Kuingiza mpya: jiliwa, au bolti ndefu yenye hesi mwili mzima, washa nene, na boksi spana kubwa upande wa pili ya kupokelea. Ukisukuma, sukuma ganda la nje, si kibomba cha katikati. Raba inapenda maji ya sabuni. Grisi ya kawaida na oili vinaiharibu. Ukichagua za poliyurethini tumia grisi ya silikoni inayokuja nazo, na ujue gari itakuwa ngumu kidogo. Mimi kwa gari ya kutembelea raba inanitosha.

10. Rudisha, lakini USIKAZE. Angalia springi isigeuzwe mbele nyuma, nyingi sentabolti haiko katikati kamili. Ingiza jicho la mbele, nati kwa mkono. Sheko, nati kwa mkono. Pandisha au shusha ekseli taratibu mpaka kichwa cha sentabolti kiingie kwenye tundu lake kwenye kikalio cha ekseli. Hakikisha kimeingia kweli, tia kidole upapase. Kikikaa pembeni ya tundu ekseli itakuwa imekaa mshazari. Kama kulikuwa na kabari nyembamba kati ya springi na ekseli irudishe ilivyokuwa kwenye picha. Yuboti zikaze kwa msalaba, kidogokidogo, mpaka toki ya kitabu cha gari yako, hizi ndizo unaruhusiwa kukaza hewani kwakuwa hazibani bushi ya kujisokota. Rudisha shokapu ila nati yake nayo acha bila kukaza kabisa.

Shokapu mpya kabla ya kufunga isimamishe wima uipampu mara kadhaa mpaka iwe nzito sawasawa kwenda na kurudi.

Rudia upande wa pili.

11. Shusha gari, tikisa, ndipo ukaze. Hii ndio sababu bushi zako zinakatika kila baada ya miezi mitatu. Bushi ya raba haizunguki kwenye bolti. Bolti inabana kile kibomba cha ndani, jicho la springi linashika ganda la nje, na katikati raba ndio inajisokota kila springi inapocheza. Ukikaza gari ikiwa hewani, springi imening'inia, umeiambia raba kwamba hapo ndipo pa kupumzikia. Ukishusha tu imeshajisokota, na bado hata hujawasha injini. Kila shimo linaimalizia.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikaza zote hewani, nikaweka na bomba kwenye spana mafundi wanionee wivu. Gari ikakaa imebinua nyuma kama mende kamwagiwa dawa, nikasema aah springi zimefufuka. Kumbe ni raba imekaza shingo. Haikupita muda gari ikashuka, nafungua nakuta bushi ya mbele imechanika mzunguko mzima, imebaki makombo.

Kwahiyo: funga tairi, toa stendi, shusha gari chini kabisa. Ikandamize nyuma mara kumi hivi kwa uzito wako, isukume mbele na nyuma mita chache ili springi zikae. Weka kabari tena. Ukiwa chini yake bila jeki yoyote, au gari ikiwa imepanda rampu za tairi zote za nyuma kama nafasi ni ndogo, kaza jicho la mbele, sheko na shokapu kwa toki ya kitabu. Sheko usizidishe, ikibanwa mno haibembei.

12. Pima. Kutoka katikati ya ringi ya mbele hadi ya nyuma, kushoto kisha kulia, usukani umenyooka. Zilingane au zikaribiane sana. Rudia na vipimo vya madigadi ulivyoandika mwanzo. Tembea mwendo mdogo kwanza, jaribu breki, kisha baada ya kilomita kama 100 kaza tena yuboti kwa toki. Zitakubali kidogo, ni kawaida, malifu na raba vimekaa.

Ukikwama

*Nyuma imekaa juu sana.* Springi mpya zinashuka zenyewe baada ya muda kidogo. Kama springi ni zilezile, ulikaza hewani. Legeza bolti za bushi gari ikiwa chini, itikise, kaza upya.

*Inakwenda kama kaa, nyuma upande.* Sentabolti haijaingia kwenye tundu, au springi moja umeigeuza. Pima tena hatua ya 12.

*Inapiga kelele kama kitanda cha zamani.* Malifu makavu, au bushi za poliyurethini hazikupata grisi. Usizimwagie oili ya injini, itafika kwenye raba na kwenye breki.

*Mtetemo mpya ukifika mwendo fulani.* Kabari ya ekseli imerudishwa kinyume au imesahaulika, propela inaingia difu kwa pembe mbaya.

*Bado inainama upande uleule.* Badilishana springi kushoto na kulia, kama gari yako zinafanana pande zote. Inamo likihamia upande wa pili springi imechoka, likibaki palepale nenda kaangalie springi za mbele na hanga za bodi.

*"Gonga" bado ipo ukiachia klachi.* Shika propela kwa mkono, injini imezimwa na tairi zimewekewa kabari, izungushe huku na huku. Ikicheza kwenye kroosi, springi zako hazina kosa.